Siku ya Kushikwa Shingo

Kama kidudu cha malale ni kidogo hata jicho haliwezi kukiona, nani alikiona mara ya kwanza akajua kwamba kipo? Nilimwuliza mume wangu, akasema nikamwulize baba yangu, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma na akasahau kunifundisha kunyamaza. Nilipomwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, alinitazama kama niliyemkanyaga mguu. Mamamkwe alijibu kwa ufupi: "Wewe nyonyesha mutoto."

Mtoto mwenyewe alikuwa binti yangu wa kwanza, mnene, hajaanza kukaa, ana kicheko cha mtu mzima. Siku hizo za Wadachi, mganga wao alikuja Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, kila mwezi kushika shingo. Ndivyo tulivyouita ukaguzi ule. Tulijipanga, wakubwa kwa wachanga, naye akatupapasa mmoja mmoja kutafuta tezi. Mwenye tezi iliyovimba alipelekwa kambi ya wagonjwa wa malale, na kama ni mchanga, mama yake alikwenda naye. Hakuna aliyejua atarudi lini.

Asubuhi moja ya ukaguzi, nikimfunga mtoto mbeleko, vidole vyangu viligusa kitu nyuma ya sikio lake. Kigumu, kama punje ya mahindi. Nikamwita mamamkwe aguse na yeye.

"Mawese," akasema mamamkwe. "Mupake mengi. Vidole vya Muzungu vitateleza, hatashika kitu."

"Lakini Mama, vikiteleza, si atajua tunaficha jambo?"

"Ee! Wewe kila kitu unauliza. Kuku anauliza nani mbele ya kunywa maji?"

Akampaka kichwa, shingo, hadi nyayo. Tulipofika uwanjani nikaona kumbe dawa hiyo haikuwa ya nyumba yetu peke yake. Watoto karibu wote waling'aa, wekundu kama vyungu vipya, na mama zao walikuwa wakiwashika kwa shida wasiwaponyoke. Mganga aliwatazama, akacheka mpaka akavua kofia. Kisha akamwambia neno moja msaidizi wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi.

"Sabuni!" akatangaza msaidizi. "Kina mama, wote ziwani!"

Tukateremka tukirushiana maneno.

"Nani alileta akili hii?"

"Si nyinyi wa kijiji cha Kizuka, wenye mawese yenu?"

"Tuliwauzia ya kupikia! Hatukusema mukaange watoto!"

Tuliporudi, vidole vya mganga vilifika nyuma ya sikio la binti yangu, vikasimama hapo. Sasa hakucheka. Msaidizi akanionyesha upande wa pili wa uwanja, ambako watu watatu wa kwenda kambini walikuwa wamekaa na vifurushi vyao.

"Ana tezi. Nenda pale, mama."

Sikwenda. "Tezi inavimba kwa malale tu?" nikauliza. "Haiwezi kuvimba kwa kidonda?"

"Inaweza. Kidonda kiko wapi?"

Nikamgeuza mtoto nikitafuta. Sabuni ilikuwa imeondoa mawese yote, na juu ya sikio, kwenye kichwa kilichonyolewa juzi juzi, ukaonekana mstari mwembamba wenye usaha.

"Nani alimnyoa huyu?"

Nikanyamaza. Mamamkwe ndiye aliyewanyoa watoto wa mji mzima. Wembe wake, alisema katika kila arusi na kila msiba, haujawahi kumtoa mtoto damu. Wateja wake wote walikuwa wamesimama pale wakimtazama. Akatazama ziwa. Akamtazama mjukuu wake.

"Ni mimi," akasema chini chini.

"Sikusikia, bibi."

"Mimi! Mutoto alicheka, kichwa kikatikisika, nikamukata! Mumesikia wote? Basi mutafute mwingine wa kuwanyolea!"

"Ee, kumbe hata wewe unakata!" akadakia mmoja, na safu nzima ikaangua kicheko.

Msaidizi alichoma tezi kwa sindano, akaweka tone la maji yake chini ya hadubini. Mganga akainama, akakaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko uchungu wa kuzaa. Alipoinuka, nikaomba na mimi nitazame. Msaidizi aliniruhusu, nadhani ili nimwondokee. Nikaona vijiti vyeusi vinapepea.

"Viko! Viko hapa!"

"Hizo ni kope zako, mama. Acha kupepesa."

Nikakaza jicho. Palikuwa na mwanga mweupe na vidoa vya mviringo vilivyotulia, hakuna kinachotembea.

"Nenda nyumbani," akasema msaidizi. "Osha kidonda kila siku. Mwezi ujao mrudi, bila mawese."

Mamamkwe alimbeba mtoto mwenyewe njia nzima. Kabla hatujafika mlangoni, mwanamke mmoja akamkimbilia nyuma na kumwomba kesho amnyolee mwanawe.

"Hukusikia niliyosema?"

"Nilisikia. Sasa utanyoa polepole."

Akacheka, hata yeye. Jioni hiyo tukala ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mawese yaliyobaki, na nikawatakia kheri wale watatu wenye vifurushi, maana nilidhani angalau wamekwenda kwenye dawa. Wadachi walikuwa wameshaondoka miaka mingi ndipo nilipojua kwamba dawa waliyochomwa watu wa kambini iliwapofusha baadhi yao.