Leso ya Luming

Siku hizi msalaba wa kanisa letu hapa Luzon, Ufilipino, umefungiwa kwenye kabati la kioo, kama saa za dukani. Zamani, kila Ijumaa Kuu, tuliifuta miguu ya sanamu ya Yesu msalabani kwa leso, kisha tukajifuta panapouma ili tupone.

Luming, muuza keki za mchele, alikuja mwaka ule aliomzika mwanawe. Tangu mazishi hakuwa amelia. Aliifuta miguu ile, kisha akasimama tu, akiitazama sanamu ya Maria kando ya msalaba.

“Jifute basi, foleni ndefu!” dada yake, Pacing, akamsukuma. “Au unangoja akufute mwenyewe?”

“Niache, Pacing. Huyu naye kaumia, na mama yake anatazama.”

Akaifuta tena, polepole, kama anayemwogesha mtoto. Ndipo machozi yakaja. Pacing akampa leso yake kavu, kisha akaigeukia foleni na kuizuia isimsukume.