Siku Nilipomtaja Kinoti Ukumbini

Nikienda Meru mjini siku hizi siwezi kupita mbele ya kile chuo, nazungukia nyuma ya soko kama mwizi wa kuku, na nikiulizwa nasema ni magoti. Si magoti. Ni aibu, na niliitafuta mwenyewe kwa miguu yangu miwili.

Mjukuu wangu Kendi anasomea pale kutunza watu wenye shida ya akili, na namna wanavyokaa na jamaa zao, na maadili ya kazi hiyo (mimi niliishia darasa la pili, lakini Kendi ni wangu, nimemlea kwa viazi vya kwetu Kiirua na mkono wangu). Likizo moja alikuja na fomu, akaniuliza kama ukoo wetu uliwahi kuwa na mgonjwa kama huyo. Nikamwambia habari za kaka yangu, habari ambazo sijawahi kumwambia mtu. Akanisomea fomu polepole: jina halitatajwa, kijiji hakitatajwa. Nikaweka kidole gumba. Siku ya kusoma kazi yake mbele ya watu akaniomba nisiende. "Shosho, baki tu nyumbani, nitakusimulia."

Nibaki nyumbani, mimi? Nilivaa kitenge cha Pasaka, nikajaza kiondo viazi vya kuchemsha, nikamchukua na Mama Nkatha wa kanisani ili awepo shahidi wa kusema wajukuu wa nani wana akili. Tukakaa mstari wa mbele.

Kendi akasimama, shingo ndefu kama ya mama yangu, akaanza kusoma. Alisema mgonjwa huyo tumwite Bwana A, mtu wa Kiritiri, kule chini kwenye joto. Kiritiri! Sisi watu wa viazi na ngano tukageuzwa wachoma makaa. Nikameza. Akasema Bwana A alifungwa kamba na baba yake katika zizi la mbuzi, akawa analetewa chakula na dada yake mdogo, na siku moja dada huyo akamfungua, asionekane tena. Watu wakaandika. Nikaona zile kalamu zote zikiandika Bwana A, Bwana A, nikakiweka kiondo chini, tayari kusimama.

Maana kwetu jina halizikwi. Mtu akienda, jina lake hupewa mtoto, likaendelea kuitwa kwenda kula na kutumwa maji. Mimi nilizaa wavulana wanne, na kila mara niliomba mmoja aitwe kama kaka yangu, na kila mara mama alikataa, eti jina hilo lina mwenyewe, atarudi nalo. Hata yeye aliyemzaa hakulitamka tena mpaka akafa. Na sasa mjukuu wangu naye.

Nikasimama. "Si zizi la mbuzi, ni stoo ya viazi," nikasema, na sauti yangu mnaijua, haihitaji spika. "Na haitwi Bwana A. Anaitwa Kinoti, tumenyonya ziwa moja, na aliyefungua kamba ni mimi. Andikeni hivyo."

Hakuna aliyeandika. Mama Nkatha, ambaye kwa miaka thelathini nimemwambia kaka yangu alikufa kwa malaria, aligeuka akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. Nikataka kukaa, mguu ukagonga kiondo, viazi vikabingirika hadi kwenye viatu vya mwalimu. Kendi akaacha karatasi zake, akapiga magoti mbele ya ukumbi mzima kuviokota, kimoja kimoja, bila kuniangalia.

Mwalimu, mama mpole, alimwambia kazi hiyo haiwezi kupokelewa tena, siri imeshatoka. Atatafuta familia nyingine aanze upya, na wenzake watamaliza wakimwacha.

Nje nikajitetea kwamba ni kaka yangu na ruhusa nilitoa mwenyewe.

"Jina ni lake, Shosho," Kendi akasema. "Yeye ulimwuliza?"

"Nimwulize wapi?"

Akanibebea kiondo hadi stendi.

Siku niliyomfungua nilikuwa na miaka tisa, miaka michache baada ya uhuru. Kinoti, aliyekuwa akinivusha mto mgongoni, aliniambia nilegeze kamba kidogo tu akunje mguu. Nikalegeza. Akakunja mguu, akanishika kichwa, akatoka akashika njia ya kuteremkia Isiolo, na chakula nilichomletea kikabaki kwenye sahani kikitoa moshi.

Basi nimeapa sitasimama tena mbele za watu na jina lisilo langu. Siku Kinoti akiingia langoni, mzee wa miaka themanini sasa, nitamwomba ruhusa ya kumtaja. Lakini kwanza ale.