Bi Chupa na Shali ya Dada Yake

Maabarani walimwita Bi Chupa, maana kwa miaka ishirini na miwili hakuna chupa iliyomshinda. Wanafunzi walichemsha utomvu wa miti, wakausahau ukaganda ndani ya vioo, kisha wakamjia wakijikuna vichwa.

"Bi Chupa, hii tuitupe tu."

"Tupa, kama ulinunua wewe."

Alijua kwamba kwa utomvu ule maji ya moto hayafui dafu. Alimimina kidogo asetoni, dawa ya kuyeyusha utomvu, akatikisa, akauacha ulegee, akaukwangua kwa kijiti cha mti ili kioo kisichubuke, akarudia hadi king'ae. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Mwanzoni mvuke wa asetoni ulimwasha pua, baadaye ukaacha, akadhani amezoea. Hata maziwa yalipomwungulia jikoni asijue, watu walicheka, naye akacheka nao.

Kisha dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akaugua wiki mbili tu, akaaga dunia. Siku ya kugawa nguo, binti wa marehemu alitoa shali sandukuni, akajifunika nayo uso, akaangua kilio.

"Mama mdogo, nusa. Bado yumo humu."

Bi Chupa akavuta pumzi hadi kifua kikamuuma. Hola, hakuna harufu. Akajaribu blauzi, akajaribu kitambaa cha kichwa. Nguo tu.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mwanangu."

Ulikuwa uongo. Akaenda kwa daktari, akamulikwa puani. Huenda ni mvuke, daktari alisema, huenda ni maradhi ya zamani. Ila asitegemee harufu kurudi. Jioni hiyo akamweleza binti ukweli wote. Binti hakukasirika. Aliinusa shali taratibu, akamsimulia: sabuni ya kipande, mafuta ya nazi, moshi kwa mbali, na jasho lake lile. Bi Chupa alifumba macho akisikiliza, machozi yakimtiririka.

Asubuhi akamkabili mkuu wa maabara. "Sigusi chupa mpaka ukuta ule utobolewe."

Mkuu akaleta habari za bajeti. Vyombo vichafu vikarundikana hadi mlangoni. Siku ya tisa fundi akaja na nyundo, dirisha likapatikana, na feni juu yake. Wenzake wakampongeza. Yeye aliitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya koti, akaanza na chupa ya juu kabisa.