Mwaka Niliowafunga Nira Kinyume

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, maana sitarudia. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo humu msitafute maneno ya kupamba. Nataka muijue harufu ya udongo wa Ufipa mvua ya kwanza inapougusa. Si harufu ya maua. Ni ya majivu ya nyasi zilizochomwa kiangazi, ya mavi ya ng'ombe, na ya vumbi lililokaa na kiu miezi mingi. Harufu hiyo ikipanda, kijijini kwetu Kate hakuna aliyebaki kitandani. Wenye mbegu walitoa mbegu, wenye ng'ombe walitoa nira, na mchelewaji alijua kwamba wenzake wakivuna yeye atakula kwa macho.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Baba alianguka kutoka juu ya kihenge akiezeka paa lake, paja likavunjika, akawa mtu wa kulala mkekani barazani. Kaka yangu Deusi, ambaye ndiye aliyeshika plau siku zote, alikuwa ameteremka Wampembe, ziwani, kuvua na mjomba, na ujumbe wa kumwita ulikuwa haujajibiwa. Mvua ikaanza. Kihengeni mlibaki ulezi wa kutufikisha Krismasi tu, na shamba la mahindi lilikuwa gumu kama sakafu ya kanisa. Majirani walikuwa wema, lakini kila mmoja alikuwa na shamba lake, na mvua haimngoji mtu. Mama alipoanza kunoa majembe ya mkono, nikaona kwamba kwa mikono minne tungelima robo ya shamba na njaa ingelima iliyobaki. Nikasema, "Baba, plau nitashika mimi."

Wakati ule plau ilikuwa ya wanaume, wala hakuna aliyewahi kunikataza, maana hakuna aliyewahi kufikiri ningeitaka. Baba alicheka mpaka paja likamuuma.

"Skola, plau ni nzito kuliko wewe."

"Najua, baba."

"Haya. Ila ukimvunja Siasa mguu, utaivuta wewe."

Siasa alikuwa maksai mwekundu, aliyepewa jina hilo kwa kupiga kelele nyingi kuliko kazi. Mwenzake mweusi alikuwa Kimya. Asubuhi iliyofuata niliwafunga nira, mama akashika kamba mbele akaniambia, "Usinilime miguu, mwanangu," nami nikaikandamiza plau ardhini kwa nguvu zote. Siasa akasukuma kulia, Kimya akasukuma kushoto, mnyororo ukajikunja, plau ikaniangusha kifudifudi kwenye tope. Nikaamka. Tukaanza tena. Safari ya tatu Siasa alilala chini kabisa, akacheua. Wanawake waliokuwa wakitoka mtoni na ndoo wakasimama kututazama. Mmoja wao, mama Pasko, jirani yetu mwenye ulimi, akapaza sauti: "Skola, hao umewafunga nira au umewafungisha ndoa? Mbona kila mtu anataka kurudi kwao?" Wakacheka wote. Mama naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na mimi nilikwisha loa. Lakini nguvu zilikuwa zimeniishia, nikawafungua ng'ombe warudi zizini, nikawafuata nyuma huku nalia kwa hasira. Hapo ndipo nilipoona. Siasa alikuwa akitembea kushoto. Alipiga hatua chache tu, akazunguka nyuma ya mwenzake, akajiweka kulia, na mara wote wawili wakatulia wakaenda pamoja kama watu watokao misa. Nikafuta machozi. Deusi aliwafundisha kila mmoja na upande wake: Siasa kulia, akikanyaga mstari uliokwisha kulimwa, Kimya kushoto, juu ya ardhi ngumu. Mimi niliwabadilisha. Ilikuwa kama kumwambia mtu aandike kwa mkono asioutumia, halafu unamtandika fimbo kwa mwandiko mbaya. Nikakimbia mpaka barazani kumweleza baba. Akajibu, "Nilijua tangu niliposikia mnyororo." Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Akasema, "Ningekuita, ungejua leo tu."

Kesho yake nikawafunga kila mmoja mahali pake, na plau ikaingia ardhini. Sijui niwaelezeje sauti ile, mizizi ikikatika chini ya chuma na udongo mweusi ukigeuka ubavu kama samaki. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine, na bado niliimba. Tulimaliza shamba lote siku ya kumi na moja. Mistari yangu ilipinda kama njia ya mlevi, na mahindi yalipoota kijiji kizima kilisoma upindaji wangu toka barabarani. Mama Pasko alisema hata nguruwe pori wangepotea humo. Msimu uliofuata, mume wake aliposafiri, alinijia asubuhi na mapema na kuniomba nimlimie. Nilimwacha aombe mara mbili.

Sasa nakaa Chanji, mjini, na wajukuu zangu wanajua mambo ambayo baba yangu hangeyaota. Siwabezi. Ila nawaona wanaogopa kuonekana hawajui. Sisi tulichekwa mchana kweupe na wanawake wenye ndoo, na kicheko hakikuvunja mfupa wa mtu. Wao kosa moja tu, wanajifungia chumbani. Mwaka huu mwanangu ameleta pawatila, trekta dogo la kushika mpini, ya kulimia shamba la Kate. Kabla haijashushwa garini, wajukuu wangu wawili wa kiume, ambao wameshaiendesha kwa rafiki zao, walikuwa wameizunguka. Wasichana walikuwa wamekimbilia jikoni, na mkubwa wao, Neema, akasema, "Bibi, mimi hiyo siiwezi," hata hajaigusa. Nikasimama uani, nikawaita wote, nikasema: "Anayejua kuiendesha aende akasonge ugali. Asiyejua aje hapa ashike mpini, na wa kwanza ni mimi."