Rinda Lililosimama Lenyewe

Nilimchapa binti yangu kwa sababu ya wanga. Nalisema hili mapema nisije nikaanza kujipamba njiani.

Shule niliishia kidato cha nne, na kitu pekee nilichowahi kusifiwa mbele ya darasa ni kutia nguo wanga. Basi binti yangu alipoanza darasa la kwanza nikaona zamu yangu ya kung'ara imefika. Sabuni ilikuwa imepotea madukani, na nguo zote kwenye nyumba zetu za polisi pale Nsambya zilikuwa na rangi ya maji ya kudekia. Nikachemsha wanga wa muhogo, nikachovya rinda la shule, nikalipiga pasi ya makaa hadi likaweza kusimama bila mtoto ndani. Nililisimamisha kweli mezani, nikalitazama kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Mtoto alilivaa, akameza mate mara mbili, akaanza kupiga mayowe. Akaivuta kola, vifungo viwili vikaruka. Nikasema ni kiburi. Nikamchapa, nikashona vifungo, akaenda shule mikono imetanuka kama kuku aliyenyeshewa.

Hicho nilichokiita kiburi kilikuwa cha kila siku. Vifungo vilimshinda, vikombe vilimponyoka, alijikwaa mahali pasipo na kitu. Malori ya jeshi yakipita, sisi tukikimbilia kufunga madirisha, yeye alibaki anakula ndizi zake. Lakini kijiko kikikwaruza sufuria aliziba masikio na kulia. Na nikimpapasa shavu alijifuta kama amepakwa pilipili.

Hilo la shavu ndilo lililonila. Baba yake alikuwa askari kule mpakani, alikuja kwa nadra. Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Hata kwa dada yangu Bukoto, mji uleule, nilienda kwa kuburutwa. Dunia yangu ilikuwa chumba kimoja na mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe hataki nimguse. Jioni watoto wa wenzangu waliwarukia mama zao shingoni, nami nikajifanya napepeta mchele. Mchele wenyewe haukuwepo. Nilipepeta maharage.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mwanamke wa Kinubi aliyesuka vikapu barazani na kuongea Kiswahili chake cha kambini, ambacho mimi na wewe wote ni "nataka". Tulimwita Hajati, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa soko la Kalerwe kununua ndizi. Yeye aliniita mwalimu, kwa kunikejeli, maana nilipenda kueleza mambo. Siku ile ya rinda, mtoto aliporudi kutoka shule shingo imechubuka, Hajati alimvua rinda, akaichukua ile kola na kunipitishia mimi shingoni, polepole, kama anayekata ubao. Akauliza kama hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Halafu akanionyesha ukindu wake wa kusukia. Mkavu unakata, lazima uuloweke kwanza. Ukiushika kwa ncha za vidole unakuchoma, ukiukamata kwa kiganja kizima unatulia. Kwa maoni yake mtoto wangu hakuwa na tofauti. Akamzungushia mkeka, akambana kwa mikono yote miwili. Nikangoja mayowe. Mtoto alifumba macho, na alipofunguliwa akaomba azungushiwe tena.

Niliusuuza wanga wote, nikaikata kola. Nikajifunza kumwambia kabla sijamgusa, na kumgusa kwa kiganja kizima, begani. Hajati alimpa ukindu mnene asuke, vidole vipate nguvu. Hata hivyo vifungo hakuviweza haraka, darasa la pili lote nilimfunga mimi. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja wa watoto alinieleza kwamba wako watoto ambao mguso mwepesi huwafikia kama maumivu na mgandamizo mzito huwafikia kama utulivu, na kwamba mikono isiyotii si uvivu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo tangu tumboni.

Lakini siku zile, kuja kwangu kwa hiari yake, hakuja. Nilingoja msimu mzima wa mvua. Ndipo mchana mmoja, namenya ndizi barazani, akaja kinyumenyume, akauleta mgongo wake ubavuni mwangu na kuulaza hapo kwa uzito wote, mpaka kisu kikanitoka mkononi. Hakunitazama. Siku hizi anaishi mbali, ana watoto wake, na ubavu ule bado unamsikilizia.

Kwa ujinga wangu nikaanza kumpapasa nywele. Akakakamaa. Nikaurudisha mkono, akalegea tena. Nikamnung'unikia Hajati kwamba walau mara moja, mara moja tu, mtoto huyu angenishika shingoni kama wenzake. Hajati hakuinua macho kwenye kikapu.

"Mwalimu, wewe nataka kupapaswa, yeye nataka kuegemea. Sasa nani hapa ndio mtoto?"