Nilivyolizima Trekta kwa Suruali

Jamani, bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia huko Chamwino: kuna siku nilibaki na bukta mbele ya mama mkwe, jua la saa nne, na aliyeniponza ni skrubu moja.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali imeachia kila mtu afanye biashara yake. Nilikuwa nimenunua katrekta kakuukuu ka ushirika uliokufa (kadogo, wazee wakaniuliza kama kameshaachishwa ziwa), na kwa kuwa ng'ombe wa mahari hawakutosha, baba yake Yulita, mchumba wangu, akakubali nimlimie shamba badala ya ng'ombe wawili, mradi nimalize kabla ya mvua kukolea, la sivyo posa irudi. Sasa udongo wenyewe mfinyanzi, plau ikizama katrekta kanakohoa tu, mzee akaniuliza, "Bwana, hawa ng'ombe wako mbona wanalala njiani?"

Iliniuma! Jioni ile ile nikavunja lakiri ya pampu ya dizeli, ule muhuri wa kiwandani wa kuzuia watu wasiichokonoe, nikakaza skrubu ya kuongeza dizeli (fundi mmoja wa mjini aliniambia robo mzunguko, mimi nikatia miwili na nusu, kwani robo ni nguvu gani?).

Asubuhi kakatoka mbio, nikalima mistari mitatu huku naimba, majirani wamejaa mpakani wanashangaa, mara injini ikaanza kupandisha yenyewe, naachia mafuta ndiyo kwanza inazidi, nakanyaga klachi kanasimama lakini inanguruma kutaka kupasuka, navuta waya wa kuzimia, waya ukabaki mkononi. Nikajua injini ikifa, Yulita ameniponyoka. Dawa ni kuziba bomba ambalo injini inavutia hewa, basi nikavua shati la nailoni, likamezwa lote, nikavua jinzi yangu ya mtumba, nikaikandamiza pale kwa mikono miwili mpaka injini ikazima.

Kugeuka, mama mkwe huyo na kibuyu cha togwa! Na kwetu mkwe unampisha njia, hata kusemeshana hamsemeshani. Akanipa mgongo, akafungua kitenge chake cha juu, akakirusha nyuma, kisha akaliambia trekta: "Mwambie ajifunge."

Majirani walilala chini kwa kucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilitozwa mbuzi wa kufuta aibu, nikairudisha skrubu, nikalima polepole, nikamaliza manyunyu yameshaanza. Nimeapa, chombo kikiwa kidogo nitakubali udogo wake na kuamka mapema. Yulita nilimpata, ila siku ya harusi, kabla sijaingia kanisani, mama mkwe alimtuma shangazi aje kukagua kama nimefunga mkanda.