Magoli Yaliyoingia Mpishi Akiosha Sahani

Katika timu yetu ya wafyatua matofali, beki mkubwa alikuwa mpishi wa Mzungu. Mechi zilianza saa tisa, watu wakishatoka kanisani, wakala na kupumzika kidogo. Lakini siku ya Jumapili Wazungu wa Elisabethville walikula chakula kirefu: supu, kuku, jibini, kahawa, halafu mazungumzo, halafu kahawa tena. Mpishi hakuweza kuondoka kabla sahani ya mwisho haijaoshwa na kupanguswa. Kwa hiyo kila Jumapili tulianza mchezo tukiwa pungufu. Mahali pake palikuwa wazi kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe, na washambuliaji wa timu nyingine walipita hapo kuja kunisalimia golini. Yeye alifika mbio, bado ananuka vitunguu, akivua shati jeupe huku anaingia uwanjani, na tangu hapo kupita ilikuwa taabu. Lakini magoli yalikuwa yameshaingia.

Golikipa nilikuwa mimi.

Mtu ataniuliza kwa nini hatukutafuta beki mwingine. Kwa sababu hapakuwa na mwingine kama yeye katika site nzima, mtaa wetu sisi weusi, na mwanaume kama yule, hata nusu yake inatosha.

Mwaka ule nilikuwa nimefika umri wa kulipa kodi. Siku zile kijana mweusi wa umri huo asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Matofali tulifyatua wenyewe kwa wenyewe, hakuna Mzungu aliyetuandika, basi mbele ya serikali ile haikuwa kazi. Polisi walipita site asubuhi wakidai karatasi ya kazi, na asiyekuwa nayo alipandishwa lori akarudishwa kwao. Kwetu, walisema, ni Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Kwetu gani? Mimi nilizaliwa Elisabethville. Kasomeno sikujua hata nyumba moja ya kuomba maji. Baba alikuwa amekufa, na mama alikuwa anauza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, huku macho yake yakianza kuingia ukungu. Nilikuwa ninampimia mimi, kwa sababu wateja walikwisha kugundua kwamba haoni vizuri kikombe kinapojaa.

Ndipo ikasikika kwamba patro, yaani tajiri mwenye garaji moja ya malori, anatafuta golikipa. Alikuwa na timu yake, Mzungu yule, na aliipenda kuliko malori yake. Golikipa atakayemchagua ataandikwa kazi garajini, karatasi mkononi. Walijaribiwa wengi, tukabaki wawili: mimi, na kijana mmoja wa kampu ya wafanyakazi wa mgodi.

Kijana huyu nitamwita Chui, kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa Chui. Wangu ni wa Mbuzi. Kwetu, watu wa koo hizi mbili ni banungwe: ni watani, wanatukanana tangu mababu. Chui anamwambia Mbuzi, wewe ni nyama yangu. Mbuzi anamwambia Chui, wewe ni mwizi wa usiku. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia kichwani mbele ya watu, naye haombi ruhusa. Anayekasirika ndiye anayepata aibu. Mimi na yeye hatukuwahi kusemeshana neno zuri hata moja, na tulipendana.

Waliopewa kazi ya kututazama walikuwa wawili pia. Wa kwanza karani wa garaji, mtu wa tai na kalamu sikioni. Yeye alihesabu magoli. Kila Jumapili alisimama kando ya uwanja, goli likiingia anachora kijiti. Nilimwendea siku moja nikiwa nimevua kofia.

"Baba karani, magoli yale yanaingia mpishi wetu akiwa hajafika. Akifika, hayaingii tena."

"Mpishi?" Akatazama karatasi yake, mbele na nyuma. "Mimi sina mahali pa kuandika mpishi."

"Lakini unaona mwenyewe..."

"Hesabu haina macho, kijana. Ndiyo sababu haidanganyi. Wewe, magoli mengi. Mwenzako, kidogo. Nenda."

Mwenzangu! Mbele ya mwenzangu walisimama mabeki wawili wanaopakia mawe ya shaba mchana kutwa, vifua kama milango ya kanisa. Mpira ulimfikia Chui ukiwa umechoka.

Wa pili alikuwa kapita wa garaji, msimamizi wa wafanyakazi, mtu mzima mwenye tumbo. Huyu hakuamini vijiti vya karani. Yeye alikuwa anatazama. "Miye ninajua golikipa na macho," alikuwa anasema, akigonga kope na kidole. Nikafikiri, basi, huyu ataniona. Nikamngoja baada ya mechi.

"Weye?" akasema. "Weye haurukake. Golikipa ni muntu wa kuruka! Ule wa kampu akiruka, bantu banapiga makelele, banamama banashika kichwa. Weye unasimama tu, bale inakuja yenyewe pa kifua, sawa mutoto anaenda kwa mama yake. Ile iko bahati. Bahati inaisha."

Jibu ninalo leo. Sisi tulipopanga matofali ya kuchoma, mmoja alikuwa chini anarusha, mwingine juu ya tanuru anadaka, tofali baada ya tofali, tangu asubuhi. Mdakaji haruki. Akiruka, tofali litamwangukia mguuni, au yeye mwenyewe ataanguka kutoka juu. Anatazama bega la mrushaji, anajua linakuja wapi, anasogea kabla halijatoka mkononi. Likifika linamkuta. Kwa mtu wa chini anayepita njia, mdakaji hodari anaonekana kama hafanyi kitu.

Karani na kapita walikuwa hawapatani. Karani alisema macho ya kapita yamejaa bia, kapita alisema kalamu ya karani haijawahi kupiga mpira. Lakini juu yangu walipatana vizuri sana. Ninawataja wote wawili hapa bila haya. Majina siandiki kwa sababu wana watoto, na watoto hawakutenda kitu. Lakini mtu yeyote wa umri wangu aliyecheza mpira site ile anawajua, na wao, popote walipo, wanajijua.

Nikamwambia mama kwamba huenda nikapandishwa lori. Alikuwa anachuja munkoyo. Hakuinua kichwa.

"Kasomeno kuna mahindi?" akauliza.

"Yako, mama."

"Basi nitauza munkoyo kule. Tutaenda wote."

Barabara ile na macho yale. Nikatoka nje nisije nikasema kitu.

Jumapili ya mwisho timu yetu ilipangiwa kucheza na timu ya kampu, golini kwangu mimi, golini kwao Chui, na patro mwenyewe alikuja kutazama, akaketi juu ya kiti chake alichokileta ndani ya gari. Karani kulia kwake, kapita kushoto. Refa alikuwa padri. Tukahesabiana: sisi tuko kumi. Mpishi yuko kwenye sahani.

Nilikuwa nimekwisha kusimama golini nilipomwona Chui anakuja kwangu, anatembea polepole toka upande wake, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kukagua shamba lake.

"Weye Mbuzi! Nani alikuambia usimame mu goli yangu?"

"Goli yako iko kule, mwizi. Rudi."

"Nimechoka na ile. Leo ninataka hii. Toa kofia. Toa na jezi, inanuka lakini nitavumilia."

"Umelewa?"

"Nyama inauliza mukubwa wake kama amelewa! Bantu, munasikia?"

Watu wakaanza kucheka. Wamama wa Luapula, walikotoka mababu zetu sisi wawili, walioketi nyuma ya goli, walielewa mara moja, wakapiga vigelegele: "Chui amekamata Mbuzi! Mupe, Mbuzi, mupe!" Kapteni wa timu ya kampu akaja mbio, mishipa ya shingo imesimama. "Unafanya nini, wewe? Tunacheza mechi!" Mzee mmoja akamshika mkono, akamwambia hayo ni mambo ya banungwe, hayaingiliwi, hata mazikoni hayaingiliwi. Padri alikuwa amebatiza nusu ya watu wale, alijua lipi la kubishana nalo na lipi la kuacha. Akaona kila upande una golikipa mmoja. "Vizuri," akasema. "Tucheze."

Nikavua. Alipokuwa anavaa kofia yangu aliinama karibu, akanong'ona, "Kaa nyuma ya mabeki wangu, pumbavu. Pumzika mara moja katika maisha yako."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kutoka upande wa pili nilimwona akiteseka. Aliruka, ee, aliruka kweli! Aliruka kushoto, akaruka kulia, wamama wakashika vichwa, na mpira ukaingia. Washambuliaji wa kampu, vijana waliokua pamoja naye, walipita mahali pa mpishi kama watu wanaokwenda sokoni. Likaingia la pili. La tatu. Alipokwenda kuuokota mpira alinipigia kelele uwanja mzima:

"Mbuzi! Hivi ndivyo unaishi huku kila yenga, Jumapili kwa Jumapili? Hakuna hata mulango!"

Watu walilala chini kwa kucheka. Kwangu mimi kulikuwa kimya. Mpira ulikuja mara chache, na winga wetu wa kushoto, aliyejua tabia zangu zote, alipiga mmoja wa chini, pembeni, mahali nisipopapenda. Nilikuwa nimeshaona bega lake. Ukanikuta.

Mpishi alifika kama kawaida, shati mkononi. Akasimama mstarini akamkodolea macho mtu mgeni aliyevaa kofia yangu. "Nimekosea uwanja?" akauliza. Akasukumwa ndani. Tangu alipoingia, Chui hakufungwa tena.

Mechi ilipokwisha patro alituita sote wawili. Karani alikuwa ameshakunja karatasi. "Patro, mechi hii haihesabiwi. Hawakusimama mahali pao. Nikijumlisha Jumapili zote, wa kampu bado ni wa kwanza." Kapita naye: "Na leo ameruka muzuri kushinda siku zote."

Patro alikuwa na Kiswahili cha garajini. Akamnyooshea Chui kidole. "Weye siku yote goli hapana. Leo goli mingi. Sababu gani?"

Chui alikuwa mweupe kwa vumbi, goti linatoka damu. "Patro, miye niko ile ile. Karani anahesabukaka magoli ya mupishi, anayaandika juu ya huyu. Leo nimeyakamata miye. Ulize mupishi alikuwa wapi."

Mpishi akaletwa. Akasema kwa adabu sana alikuwa akiosha sahani, kwa bwana wake fulani, wa nyumba ile yenye maua ya zambarau, na kwamba Jumapili mabwana wanakawia kwa sababu wageni wanapenda kahawa ya pili.

Patro akamtazama mpishi. Kisha shingo yake ikawa nyekundu, nyekundu ikapanda mpaka masikioni. Katika nyumba ile alikuwa ameketi mezani Jumapili iliyotangulia, na kahawa ya pili aliiomba yeye. Mpishi alijua. Alimmiminia kwa mkono wake. Lakini alikuwa anatazama chini, kama mpishi mwenye malezi mazuri.

Patro akacheka, peke yake, kwa muda. Akanigusa bega. "Huyu. Kesho, saa kumi na mbili, garajini."

Karani aliiandika karatasi yangu akikandamiza kalamu mpaka ikakaribia kutoboa. Mama aliishika mkononi, akaipapasa yote kwa vidole, pembe na mihuri, akairudisha, akaendelea kuchuja munkoyo. Lori la polisi lilipopita lilipita.

Halikuwapita wote. Winga wetu wa kushoto alipandishwa kabla ya mvua, na hatukumwona tena. Na Chui walimfukuza katika timu. Kapteni wa kampu ndiye aliyemfukuza, naye pia ninamtaja. Baba yake Chui alikuwa na nyumba na kazi, Chui hakuwa na hatari ya lori, lakini garajini angeshika spana juani kama mimi. Badala yake aliingia chini ya ardhi kama baba yake, na kifua chake leo kinajua. Mimi nimeishi. Nilipita mengi yaliyokuja baadaye, vita na njaa, nikiwa na ufundi wa injini mikononi, na ufundi ule ulitoka golini kwake.

Wiki ile ile nilikwenda kampu kumshukuru. Nilikuwa nimevaa shati safi, mama amenipa munkoyo nimpelekee. Nikaanza: "Ndugu yangu, asante..."

Aliruka kama mtu aliyekanyaga moto. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara moja tu katika maisha yetu.

"Asante? Asante unapelekea muntu wa inje! Unataka kuua bunungwe? Ukiniambia asante, kesho nikikuja kukamata kofia yako nitakuwa mwizi wa kweli. Tukana!"

Nikatukana. Nilimtukana kwa moyo wangu wote, pale mlangoni, mpaka mama yake akatoka kutazama, na yeye akanywa munkoyo akitabasamu, akasema una ladha ya kwato.

Tangu siku ile hatujabadili. Juzi nilimpelekea dawa ya kikohozi, nikamwambia ni ya mbwa. Karatasi hizi atasomewa na binti yake, yeye mwenyewe hasomi. Basi sikiliza vizuri, wewe mla mabaki, mwenye mikono ya kapu lililotoboka: ulifungwa mara tatu na watu wa kampu yako mwenyewe, mbele ya padri na wamama, na mimi nilikuwepo, niliona yote.